Maumivu ya Kano ya Goti: Tiba Ipi Humrudisha Mchezaji Uwanjani?

Mchezaji wa voliboli anaanza kuhisi maumivu chini kidogo ya pia ya goti. Mwanzoni yanamsumbua anaporuka tu. Wiki chache baadaye hata kushuka ngazi ni taabu. Mashindano yamekaribia, na mwenzake anamwambia kuna sindano inayotuliza maumivu hayo kwa muda mfupi. Je, akubali?

Kano inayouma ni ile inayounganisha pia ya goti na mfupa wa muundi. Kila mtu anaporuka na kutua, kano hiyo hubeba mzigo mkubwa. Mazoezi yakiongezwa ghafla, hukosa muda wa kujijenga upya, nayo hudhoofika na kuuma. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wachezaji bora wa kiume wa voliboli walikuwa na tatizo hili. Kwa wale wa mpira wa vikapu ilikuwa asilimia 32.

Kupumzika kabisa

Maumivu hupungua, lakini kano haipati nguvu. Mchezaji anaporudi uwanjani, hurudi na kano dhaifu kuliko awali. Ni bora kupunguza kuruka na kukimbia kwa muda bila kuacha mazoezi yote.

Sindano ya steroidi

Mwaka 2009, watafiti wa Denmark waliwalinganisha wanaume 39 katika makundi matatu: waliodungwa steroidi, waliochuchumaa polepole kwenye ubao wenye mteremko, na waliofanya mazoezi mazito ya polepole. Baada ya wiki 12, makundi yote yalikuwa yamepata nafuu. Baada ya nusu mwaka, waliodungwa sindano walikuwa wamerudi nyuma, ilhali waliofanya mazoezi walibaki na nafuu yao. Isitoshe, steroidi inaweza kudhoofisha kano na kuongeza hatari ya kukatika.

Upasuaji

Utafiti mwingine wa Norway, wa mwaka 2006, ulilinganisha upasuaji na mazoezi katika magoti 40. Baada ya miezi 12, hakukuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Ndiyo maana upasuaji huachwa uwe hatua ya mwisho, baada ya mazoezi kufanywa ipasavyo kwa miezi kadhaa bila mafanikio.

Mazoezi ya hatua kwa hatua

Hii ndiyo tiba ya kuanza nayo. Hufuata ngazi nne:

1. Kukaza misuli bila kusogeza goti. Kwa mfano, kuegemea ukuta kama aliyeketi kitini, kwa sekunde 45, mara 5.
2. Kuchuchumaa polepole na uzito: sekunde 3 kushuka, sekunde 3 kupanda, mara tatu kwa wiki. Asiye na vyuma vya mazoezi anaweza kubeba mkoba wenye mchanga, na kuongeza mchanga kidogo kidogo.
3. Kuruka kidogo, kisha zaidi.
4. Kurejelea mazoezi ya mchezo wenyewe, kisha mashindano.

Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, yasizidi 3, na yawe yametulia kufikia kesho yake. Yakizidi, mchezaji apunguze uzito au arudi ngazi moja nyuma.

Subira inahitajika. Mwaka 2021, utafiti wa Uholanzi uliohusisha wanamichezo 76 ulionyesha kuwa mpango huu wa hatua kwa hatua ulileta nafuu zaidi kuliko zoezi la kuchuchumaa kwenye mteremko pekee. Hata hivyo, baada ya wiki 24, ni asilimia 43 tu ya waliofuata mpango huo waliokuwa wamerejelea mchezo kwa kiwango chao cha awali. Kocha anayemharakisha mchezaji baada ya wiki tatu anaweza kumpoteza kwa msimu mzima.

Wakati wa kwenda hospitalini

Si kila maumivu ya goti yanatokana na kano. Mgonjwa anapaswa kumwona daktari haraka iwapo goti limevimba ghafla, linakwama, haliwezi kunyooshwa, au ni jekundu na lina joto pamoja na homa. Mtoto anayebalehe akiumwa kwenye nundu iliyo chini ya goti, huenda ni sehemu ya mfupa inayokua ndiyo iliyoathirika. Naye apimwe kabla ya kupewa mazoezi haya.

Kwa wengine, mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuthibitisha tatizo na kupanga ngazi za mazoezi. Mchezaji anayefikiria sindano aulize kwanza maswali mawili: nafuu hiyo itadumu kwa muda gani, na kano itakuwa na nguvu kiasi gani msimu ujao?