Kuchagua Kichungi cha Barua Pepe

Barua pepe za shule hupokewa na mashine iitwayo seva, na seva nyingi za kazi hiyo hutumia Linux. Lakini si kila barua ifikayo mlangoni ni njema. Nyingine zatoka kwa matapeli, nyingine zimebeba virusi. Hapana budi seva iwekewe kichungi. Je, tuchague kipi?

Mimi huanza kwa kutazama makosa. Kila kichungi hukosea kwa namna mbili: hupitisha barua mbaya, au huzuia barua njema. Makosa haya hayalingani. Barua mbaya ikipita, msomaji mwangalifu ataifuta. Lakini barua ya mzazi aombaye ruhusa kwa mwanawe mgonjwa ikipotea, nani atajua? Mpepetaji mwema huangalia pumba zinazoanguka, asije akamwaga mchele.

Ziko programu mbili maarufu, nazo hutolewa bure. Ya kwanza ni SpamAssassin, iliyotolewa mwaka 2001. Hupima kila barua kwa kanuni nyingi, na kila kanuni ina alama zake. Kwa kawaida jumla ikifika 5, barua hutiwa chapa ya taka. Yenyewe haitupi barua, na huonyesha ni kanuni zipi zilizoleta alama hizo. Kwa mtu anayejifunza, hii ni faida kubwa.

Ya pili ni Rspamd, nayo hufanya kazi upesi zaidi. Kwa mpango wake wa kawaida, barua inayofika alama 4 huweza kuambiwa irudi baadaye, maana mashine nyingi za matapeli hazirudi. Ikifika 6 hutiwa chapa. Ikifika 15 hukataliwa mlangoni. Kukataa mlangoni si sawa na kutupa kimyakimya: mpelekaji wa kweli hupata taarifa kwamba barua yake haikupokewa, naye aweza kupiga simu.

Kwa virusi, yafaa kuongeza programu ya ClamAV. Hiyo hula kumbukumbu nyingi, basi kwanza pima uwezo wa seva yako.

Tena, usichague kwa kusikia sifa. Chukua barua za mwezi mmoja, kwa idhini ya wenyewe, uzitenge kwa mkono: njema huku, taka kule. Kisha zipitishe katika kila programu, uhesabu makosa ya kila namna mbalimbali. SpamAssassin huweza pia kufundishwa, ila yataka barua 200 za taka na 200 njema kabla ya kuanza kutumia mafunzo hayo.

Kwa shule yenye barua chache, mimi ningechagua SpamAssassin. Penye barua nyingi, Rspamd. Lakini popote pale, barua zenye chapa ziwekwe mahali pake, na mtu mwaminifu azitazame kila siku.