Nani Anaamua Saa ya Kurudi?

Fungua Matendo 27:11. Paulo ameonya, lakini akida anamsikiza nahodha na mwenye meli. Mimi nilisomea biashara, huyo mwenye meli namwelewa: ngano imeshapakiwa! Na ndani kuna watu 276.

Mwaka jana nilienda Watamu na marafiki, tukapiga makasia kwa kayaki pale Mida Creek, kando ya mikoko. (Sisi wa Laare maji tunayajua ya mtungi.) Katikati ya raha, kijana aliyetuongoza akasema turudi. Maji bado mengi, jua zuri. Rafiki yangu akabisha, "Lakini tumelipia masaa mawili!" Akajibu pole pole, "Pesa nitawarudishia, kaka. Maji yakipwa mtabaki kwa matope mpaka yajae tena." Hayo ni masaa, maana kutoka kupwa hadi kujaa ni kama masaa sita. Tukageuza. Muda si muda, pale tulipopita kaa walikuwa wanatembea.

Ndugu uliyelipa arubuni ya shamba, na wazee wamekwambia mpaka una kesi, usiache arubuni ikuamulie.

Seli za Alhamisi, endeleeni hadi mstari wa 38, mwone ile ngano iliishia wapi.