Somo la Uraia: Nani Anaweza Kuwa Meya wa Muji Unaokua Mbio?



Juma lililopita mutoto mumoja wa darasa la kwanza aliniuliza: «Kapita, mimi nikitaka kuwa meya wa Kolwezi, naandika jina langu wapi?» Wenzake wakacheka. Mimi vilevile nikacheka. Lakini usiku, taa ilipozimwa katika internat, nikaona kama nilicheka juu sikujua jibu. Sisi wa mwaka wa mwisho tunajua mito ya Ulaya moja kwa moja kwa majina, lakini mulango wa komini yetu hatuujui. Basi nikamwuliza mwalimu wetu wa historia, nikasoma sheria, na haya ndiyo niliyopata.

Tuanze na neno lenyewe. Si kila mahali penye watu wengi panaitwa muji. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kama makao makuu ya provensi ni muji, na tena mahali penye watu 100.000 au zaidi, penye vyombo vya kusaidia watu wote, panaweza kuwa muji kama Waziri wa Kwanza akitia sahihi. Kwa komini inatosha watu 20.000, nayo inahitaji sahihi ileile. Kolwezi yetu iko na komini mbili tu, Dilala na Manika. Ukiilinganisha na Lubumbashi ni ndogo. Lakini tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa mara ine na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, kila mutu anaona ginsi inavyokua. Mahali tulipokuwa tunakata majani ya mbuzi, leo kuna nyumba za matofali.

Sasa yule mutoto ataandika jina lake wapi? Hapa wengi wanakosea. Wanafikiri kama raia wote wanakwenda kumupigia meya kura, kama vile tunavyopigia Rais. Hapana. Ni ngazi, na ngazi hii iko na hatua tatu. Kwanza raia wanachagua washauri wa komini. Kisha washauri wa komini wanachagua washauri wa muji. Kisha washauri wa muji ndio wanamuchagua meya na musaidizi wake, katika kundi lao ao hata inje ya kundi lao. Basi mutu anaweza kuwa meya pasipo mama hata mumoja wa soko kumupigia kura kwa mukono wake. Na wale wanaomuchagua mwishoni ni wachache, wote wanaweza kukaa katika darasa letu moja na viti vikabaki. Mimi naona hatari iko hapo. Kununua watu elfu makumi ni kazi nzito, lakini kununua watu wachache wa chumba kimoja, bahasha chache zinatosha.

Tena ile ngazi yenyewe ilikaa miaka mingi katika karatasi tu. Katiba ya mwaka 2006 ilisema kama miji na komini zitajitawala kwa watu waliochaguliwa. Lakini wameya waliendelea kuwekwa na amri ya Rais. Tarehe 20 Desemba 2023 ndipo raia walipiga kura ya washauri wa komini, pamoja na kura ya Rais na ya wabunge, tena katika komini za makao makuu ya provensi peke yake. Rafiki zetu wanaotoka katika vijiji na vituo vingine hawakupewa ile karatasi. Na hatua zilizofuata za ngazi zilichelewa.

Wengine watasema: «Wakongo hawakuzoea kuchagua wakubwa wa miji.» Si kweli. Wabelgiji walitoa amri juu ya miji tarehe 26 Machi 1957, na mwezi wa Desemba mwaka ule watu walipiga kura Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ndiyo Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo. Wanawake hawakuruhusiwa. (Wadada wa darasa la tano, musinikasirikie mimi, ni historia.) Kila komini ya Waafrika ikapata burgumestre wake Mwafrika, lakini mukubwa wa muji muzima alibaki Mubelgiji aliyewekwa na serkali. Mumoja wa wale waburgumestre alikuwa Joseph Kasa-Vubu, wa komini ya Dendale. Siku ya kupokea kazi, tarehe 20 Aprili 1958, watu walitazamia maneno ya shukrani, naye akasimama akaomba uchaguzi wa watu wote na kujitawala kwa inchi. Miaka miwili haikupita sana, akawa Rais wa kwanza wa Kongo. Alianza na mambo ya komini.

Lakini kura zile zilizaa kitu kingine vilevile. Elisabethville ilikuwa muji wa wageni, watu walitoka Kasai, Maniema na kwingine kutafuta kazi ya Union Minière. Katika komini, wengi wa waliochaguliwa hawakuwa wenyeji wa Katanga ya kusini. Wenyeji wakaona uchungu, na mwaka 1958 wakaunda Conakat. Muji unaokua mbio ni hivyo siku zote: waliotangulia wanahesabu waliofika nyuma. Hatuwezi kusoma somo hili Kolwezi na kunyamaza juu ya miaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa na Likasi, wakalala siku nyingi kwenye stesheni wakingoja treni. Nkambo wangu aliona. Anasema kama jirani yake alimuachia sufuria na kuku, akamwambia nitarudi. Nkambo aliweka sufuria mpaka ikatoboka. Kwa hiyo mugombea akija katika kartiye na neno lake la kwanza likawa «mutoto wa hapa», mimi nataka kujua neno lake la pili.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Meya hafanyi kila kitu. Barabara za muji, mifereji ya maji ya mvua, takataka, masoko, taa za njia, makaburi: hayo ni mambo ya muji na komini. Lakini migodi si yake, na hapa Kolwezi migodi iko chini ya vitanda vyetu. Mwaka 2014, katika kartiye ya Kasulo, mutu mumoja alichimba katika parseli yake akakuta mawe ya kobalti. Habari ikatembea kama moto wa majani makavu. Watu wakachimba ndani ya nyumba, jikoni, kando ya choo, na mashimo yakapita chini ya ukuta wa jirani. Wengine walipata mali, wengine walifunikwa na udongo. Mwaka 2017 sehemu ya kartiye ikafungwa kwa ukuta ikapewa kampuni, na wenye nyumba wakaondolewa kwa malipo.

Wengi wanauliza: lakini yule mutu hakuwa na karatasi ya parseli? Alikuwa nayo pengine. Lakini sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kama udongo ni mali ya serkali, mutu anapewa haki ya kukaa na kutumia. Na madini yaliyo chini ni ya serkali vilevile. Karatasi yako inalinda nyumba, hailindi jiwe. Mugombea anayewaahidi watu wa Kasulo kama akiwa meya watachimba kwao kwa amani, anawadanganya, juu haiko katika mukono wake. Lakini anaweza kusema wapi pasijengwe, anaweza kufungua barabara kabla ya nyumba, anaweza kusimama pamoja na watu malipo yanapohesabiwa. Hilo muulizeni.

Na kuna feza. Hapa naomba wale wanaochukia hesabu wavumilie kidogo. Sheria ya migodi iliyotengenezwa upya tarehe 9 Machi 2018 inagawanya ile kodi ambayo kampuni inalipa juu ya madini inayouzisha: kwa kila franga 100, serkali kubwa inapata 50, provensi 25, mahali penyewe panapochimbwa 15, na 10 zinawekwa kwa vizazi vitakavyokuja. Kobalti inalipiwa asilimia 10. Basi kampuni ikiuzisha kobalti ya dola 1.000.000, kodi ni dola 100.000, na mahali panapochimbwa panapata 15.000. Kwa kampuni moja, mara moja. Sasa hesabuni malori yanayopita mbele ya kapela kila siku. Ndiyo sababu mupaka kati ya komini na komini, ao komini na cheferi, si mustari wa karta tu, uko na bei. Mugombea asiyejua hesabu hii hafai, na anayeijua lakini hataki kuisema mbele ya watu, huyo hafai zaidi.

Nimesema juu ya wameya, sasa niseme juu yangu. Mimi kapita sikuchaguliwa na mutu. Bwana Prefe aliniita bureau akanipa daftari na ufunguo wa pompe. Toka Septemba nimeacha wa mwaka wa mwisho wachote maji kwanza, ni desturi niliyoikuta. Wadogo wanachota nyuma, wanachelewa darasani, na anayewaandika kama wamechelewa ni mimi. Walilalamika mara tatu. Sikubadilisha kitu, juu hawakuniweka wao na hawangeweza kuniondoa. Yule mutoto aliyeniuliza juu ya meya ni mumoja wa wale niliowaandika.

Nikamwomba Bwana Prefe, naye amekubali, kapita wa mwaka ujao na wasaidizi wake wapigiwe kura mbele sisi wakubwa hatujaondoka. Tutafanya kwa ngazi mbili, ili tuone kwa macho ginsi inavyokwenda: Jumamosi kila darasa litachagua wawili, wavulana na wasichana sawasawa, na Jumatatu wale wawili-wawili watachagua kapita katika refektwari, mulango wazi, kila mutu akisimama na kutazama. Anayetaka kugombea alete jina lake kwa mwalimu wa historia mbele ya Ijumaa saa sita. Wa darasa la kwanza wanaruhusiwa. Ufunguo wa pompe nimeurudisha bureau, na toka kesho asubui wadogo wanachota kwanza mpaka siku ya kura. Atakayechaguliwa ataona mwenyewe la kufanya, nanyi mumuulize mbele hamujamupigia.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho