Kujaribu Toleo Jipya la Programu Pasipo Kuharibu la Zamani

Tangu Januari 2024 shule zetu za msingi zimekuwa na mitaala miwili chini ya paa moja. Mwaka huo Darasa la I na la III yalianza mtaala mpya, ilhali Darasa la IV liliendelea na ule wa zamani. Mwalimu aliyefundisha Darasa la III na la IV, awe Karema au Inyonga, hakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba maazimio ya kazi ya mitaala hiyo hayaandikwi katika daftari moja. Makala haya yanaanzia katika jambo hilo lijulikanalo ili kumfikisha mwanachuo katika lisilojulikana: kwa nini matoleo mawili ya programu moja, yakiwekwa katika kompyuta moja, huvurugiana mipangilio.

Tuchukue LibreOffice, programu isiyolipiwa ya kuandikia na kufanyia hesabu, iliyochipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice. Ni OpenOffice hiyo ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kiliitolea toleo la Kiswahili mwaka 2004 likaitwa Jambo OpenOffice. Kazi ambayo walimu wa Kiswahili walistahili kuijua zaidi.

Programu hii hukaa mahali pawili. Pa kwanza ni programu yenyewe. Pa pili ni folda ya mtumiaji, ambamo huwekwa mapendeleo yake: mpangilio wa vitufe, violezo vya ripoti za wanafunzi, na kamusi yake binafsi. Kamusi hiyo si kitu kidogo. Mwalimu wa Katavi akiandika Sitalike, Usevya au Mishamo, kompyuta humpigia mstari mwekundu. Naye huyaingiza majina hayo moja moja, pamoja na ya wanafunzi wake, hata orodha ikawa kazi ya miaka.

Chanzo cha mgongano ni hiki. Folda ya mtumiaji imo ndani ya folda iitwayo 4, jina lililotokana na toleo la 4 la mwaka 2013, na matoleo yaliyofuata yaliendelea kuitumia hiyo hiyo, hata lile la 24.2 la mwaka 2024. Toleo jipya likifunguliwa mara ya kwanza huikuta folda ya zamani, huisoma, kisha huandika ndani yake kwa namna yake. Mtumiaji akirudi kwenye toleo la zamani, hilo hukuta maandishi ambayo halikufundishwa kuyasoma. Mengine huyapuuza; mengine huhamisha vitufe, huzima nyongeza, au huifanya programu ijifunge ghafla.

Liko kosa lililofichika zaidi. Toleo la zamani likiwa wazi, na mtu akabofya alama ya lile jipya, hufunguka dirisha jingine la lile la zamani, kwa kuwa folda moja haitumiki na programu mbili kwa wakati mmoja. Mtu huyo aweza kumaliza asubuhi nzima akiandika maoni juu ya toleo ambalo hajaliona. Hivyo jaribio lolote lianze kwa kutazama namba ya toleo katika orodha ya Msaada.

Darasani jambo hili lafundishika hata pasipo umeme. Wape wanafunzi wawili daftari moja la ratiba. Wa kwanza, Toleo la Zamani, huandika majina ya masomo kwa ukamilifu. Wa pili, Toleo Jipya, huyafuta na kuandika alama zake mwenyewe, kisha hurudisha daftari. Mwambie wa kwanza aisome ratiba kwa sauti. Darasa litacheka, na baada ya kicheko uliza: nani mwenye kosa? Usiharakishe jibu. Wengi humlaumu Toleo Jipya, mpaka mmoja atambue kwamba kila mtu alifanya kazi yake sawasawa, ila daftari lilikuwa moja.

Katika kompyuta, dawa ni kuwapa madaftari mawili. Funga programu, nakili folda ya 4 nzima mahali pengine, na nakala hiyo usiiguse. Kisha toleo jipya liwekwe katika folda yake, si kwa usakinishaji wa kawaida ambao huondoa la zamani. Humo limo faili liitwalo bootstrap.ini, na ndani yake mstari unaoanza na neno UserInstallation, unaotaja mahali pa folda ya mtumiaji. Ubadilishe kabla ya kufungua programu mara ya kwanza. Mimi napendelea toleo jipya lipewe nakala nyingine ya mipangilio ya zamani kuliko folda tupu, maana folda tupu haionyeshi kama violezo vyetu vitasalimika.

Watengenezaji wa Firefox walilikata shauri hili wenyewe. Tangu toleo la 67 la mwaka 2019, kila usakinishaji hupata folda yake, na toleo la zamani huzuiwa kufungua folda iliyokwisha kutumiwa na jipya zaidi.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini LibreOffice nayo haikufanya hivyo. Mjibu kwamba watu wengi hawajaribu. Wao huhama moja kwa moja, na asubuhi ya pili hutaka kukuta kamusi yao palepale walipoiacha.