Ritifaa na Mkwaju katika Lugha ya Programu
Katika JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1995, mikwaju miwili (//) hutanguliza maelezo ya mwandishi, ambayo tarakilishi huyapuuza hadi mwisho wa mstari. Hata hivyo, mikwaju iyo hiyo ndani ya "http://" ni sehemu ya matini iliyonukuliwa. Kuisaka mikwaju pekee, basi, hakutoshi. Kichanganuzi sharti kisome herufi baada ya herufi, kikikumbuka kimo ndani ya nini: alama iliyotangulia kufungua ndiyo inayotawala.

Kiswahili kina mtihani wake hapa. Ukiandikwa 'ng'ombe', mtajo hufungika baada ya ng. "Ombe" huachwa nje, yatima, na programu nzima hugoma. Ritifaa itanguliwe na mkwaju uliogeuzwa: 'ng\'ombe'. Ndani ya maelezo (// ng'ombe), ritifaa iyo hiyo haifungui chochote.