Mafunzo Niliyopata kwa Migomba ya Chupani

Wewe unayepanga kufungua maabara ya miche, nakuandikia kuhusu sitokinini, homoni inayochochea seli za mmea zigawanyike na machipukizi yatokeze. Nimeitumia kuzalisha migomba hadi nywele zimeota mvi. Haya yangenifaa mapema.

1. Dozi kubwa haizai miche mingi

Oda ya kwanza kubwa ilinitia tamaa. Nikaongeza BAP, sitokinini ya dukani, nikitaraji utitiri wa machipukizi. Nilipata vibonge vifupi vilivyosongamana, na majani mengine yamejaa maji, yanang'aa kama kioo. Nilijisifu kwa wingi kabla ya kugundua kwamba hakuna hata kimoja kinachouzika.

Homoni hii ikizidi, chipukizi hujigawa lakini halirefuki. Kwa migomba, maabara nyingi hutumia miligramu 2 hadi 5 za BAP kwa lita. Anzia chini, na kila aina ya mgomba uipimie yake.

2. Kinachoamua ni uwiano

Safari nyingine nilikesha nikisubiri mizizi. Nililaumu sukari, nikalaumu taa, nikamlaumu hata msaidizi wangu. Mzee mmoja wa kazi akaniuliza, "Bwana mdogo, dawa ya machipukizi umeshaitoa?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuwepo tangu 1957. Wanasayansi Skoog na Miller, huko Wisconsin, Marekani, walionyesha kwa tishu za tumbaku kwamba oksini, homoni nyingine ya mimea, ikizidi hutoka mizizi, sitokinini ikizidi hutoka machipukizi, na zikikaribiana hukua donge la seli tu. Machipukizi yakitosha, yahamishie kwenye lishe isiyo na sitokinini, yenye oksini kidogo.

3. Usidharau cha nyumbani

Nilikuwa nikiagiza unga wa homoni kutoka ng'ambo huku nikishushia chakula kwa dafu. Nilishangaa kusoma kwamba mwaka 1941 mwanasayansi van Overbeek na wenzake walitumia maji ya nazi kukuza viinitete vya mnanaha, kabla sitokinini haijajulikana. Sitokinini ya kwanza, kinetini, ilipatikana 1955 kutoka DNA ya manii ya samaki, na nyingine, zeatini, ikatolewa baadaye kwenye mahindi machanga.

Hata hivyo, usijenge biashara juu ya dafu. Kila nazi ina kiwango chake cha homoni, na mteja anataka miche inayofanana. Litumie kujifunzia.

4. Jua pa kuishia

Mama mmoja mkulima alinipeleka shambani kwake. "Mwanangu, migomba yako mbona imegoma kukua?" Baadhi ilikuwa imedumaa kabisa. Nilikuwa nimeigawa na kuihamisha chupa hadi chupa kupita kiasi, kwa kuwa chipukizi la bure halina gharama. Siku ile nilijua gharama yake ilikuwa inalipwa na nani.

Kila mzunguko, hasa wenye homoni nyingi, huongeza hatari ya miche iliyogeuka maumbile. Andika idadi ya mizunguko kwenye kila chupa, weka kikomo, kisha rudi kwa mgomba mama mpya. Mama huyo apimwe virusi kwanza, maana usafi wa chupa hauviondoi.

Homoni hununuliwa kwa gramu, lakini imani ya mkulima haina duka. Ilinde hiyo kwanza.