SOMO LA AFYA: MAHALI PA KUWEKA KANULA KWA MGONJWA ANAYETIBIWA KWA DAWA ZA MSHIPANI

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wanafahamishwa kwamba mahali panapowekwa kanula ya mshipani si jambo la kubahatisha. Mfano wa somo hili unatoka Mikoa ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini, Tanzania Bara.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba, kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, maambukizo ya VVU yalikuwa asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Miongoni mwa wagonjwa ambao kinga yao imeshuka sana hutokea homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi wa kriptokokasi. Ugonjwa huu usipotibiwa huua, na tiba yake ni amfoterisini, dawa ipitayo mshipani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na vidonge. Isipopatikana, amfoterisini ya kawaida hutolewa kila siku kwa muda wa wiki moja. Dawa hiyo huuchoma mshipa. Mshipa ukavimba na kuwa mgumu kama kamba. Mishipa ikiharibika yote, tiba hukatika wakati mgonjwa anapoihitaji zaidi.

Kwa sababu hiyo kanuni zifuatazo huzingatiwa:

1. Kwa mtu mzima, kigasha cha mkono asioutumia sana ndicho mahali bora, kwa kuwa mshipa wake ni mnene na umenyooka.

2. Mkunjo wa kiwiko na kifundo cha mkono huepukwa. Kiungo kikikunjwa, kanula husugua ukuta wa mshipa na dawa huvuja.

3. Huanzwa chini na kupanda juu. Mshipa ukitobolewa juu kwanza, dawa itakayopitishwa chini yake yaweza kuvujia hapo.

4. Miguu ya mtu mzima huepukwa, kwani huleta damu kuganda na maambukizo. Ikitumika kwa dharura, kanula huhamishwa mapema.

5. Hutumiwa kanula ndogo inayotosha kazi, kama ya bluu (geji 22) au ya pinki (geji 20), ili damu ipite kandoni na kuizimua dawa.

6. Mkono wenye jeraha, uvimbe au mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu hautumiwi. Vivyo hivyo mkono wa upande uliotolewa titi na tezi za kwapa.

Mhudumu hunawa mikono, husafisha ngozi kwa spiriti na kuiacha ikauke. Amfoterisini huchanganywa katika maji ya dekstrozi ya asilimia 5 tu. Katika maji ya chumvi huganda. Kanula hukaguliwa kila siku, na isiyohitajika tena huondolewa, kwani kila kanula ni mlango wa vijidudu kuingia katika damu.

Jamaa wa mgonjwa nao wana wajibu: kumweleza muuguzi mkono ambao mgonjwa hutumia zaidi, kulinda bandeji isilowe, na kutoa taarifa mara moja waonapo maumivu, wekundu, uvimbe au unyevu. Kunyamaza kwa kuona haya kwaweza kumgharimu mgonjwa mshipa wake, na pengine maisha yake.

Wananchi wanaombwa kulisoma somo hili na kuwaeleza wengine.